Kutyuni masafa ya kati kwenye TV za chogo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Majibu haya ni ya wenye seti za zamani za analojia, na ya mafundi vijana ambao ndiyo kwanza wanaziona zikitolewa stoo za Ngamiani, Chumbageni na Raskazone na kuletwa karakana. Masafa ya kati, yaani yale ambayo seti hugeuzia kila stesheni ili iikuze na kuichuja, tutayaita aiefu, kama mafundi wote wanavyoyaita.

Picha ya TV yangu ni hafifu. Nimeambiwa aiefu imehama. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli. Koili za aiefu hazijisogezi. Kiwandani zilipangwa, viini vyake (vipande vya feraiti vinavyozungushwa ndani ya koili kubadilisha masafa yake) vikafungwa kwa nta au rangi, na kama hakuna mkono uliovigusa, vitakuwa palepale hata baada ya miaka hamsini. Kinachochoka ni vile vilivyozizunguka: valvu zilizopoteza nguvu, kapasita zinazovuja, rezista za kaboni zilizopanda thamani, soketi zilizoshika kutu.

Anza kwa kutazama chenga. Skrini ikijaa chenga nzito bila stesheni, aiefu yako inakuza vizuri. Tatizo liko mbele yake, kwenye antena au tyuna. Skrini ikiwa na mwanga safi wa kijivu, bila chenga hata moja, na spika iko kimya, hapo ndipo aiefu au saketi ya video inaposhukiwa. Na hata hapo, shuku kifaa kilichokufa kabla ya kushuku koili. Pima volti za kila hatua ukilinganisha na mchoro. Jaribu valvu nyingine. Pima volti ya AGC, ile saketi inayopunguza ukuzaji ishara inapokuwa kali: ikikwama upande mmoja inaweza kuizima aiefu yote ikiwa nzima kabisa.

Kutyuni kunahitajika kweli katika hali tatu: kuna mtu amezungusha viini, koili au kapasita yake imebadilishwa, au mmebadilisha valvu na mkunjo, yaani mchoro wa jinsi aiefu inavyokuza kila masafa, ukasogea kidogo. Hali ya kwanza inashinda nyingine zote kwa mbali. Viini vyenye alama za bisibisi na nta iliyopasuka vitakueleza kila kitu kabla hujawasha seti.

Aiefu inafanya kazi gani hasa?

Tyuna hupokea stesheni kwenye masafa yake halisi, huichanganya na wimbi la osileta yake, na kutoa masafa yasiyobadilika hata ukihamia chaneli nyingine. Chukua chaneli ya 5 ya VHF katika mfumo B: picha iko 175.25 MHz na sauti 180.75 MHz. Osileta iko 214.15 MHz. Toa: picha inaangukia 38.9 MHz, sauti 33.4 MHz. Angalia kwamba sauti, ambayo hewani ilikuwa juu ya picha, sasa iko chini yake. Jambo hili huwachanganya wengi wanapousoma mkunjo kwenye osiloskopu.

Sehemu kubwa ya ukuzaji, na karibu uchujaji wote, hufanyika kwenye aiefu. Koili moja haiwezi kupitisha upana wa karibu 5 MHz na bado ikakuza vya kutosha. Kwa hiyo viwanda viliweka hatua tatu au nne, kila koili ikawa na masafa yake: moja chini, moja juu, moja katikati. Ni kama wavuvi wanaovuta juya: kila mmoja ameshika mahali pake, na wakikusanyika wote sehemu moja wavu haufunguki. Fundi anayezungusha kila kiini hadi picha iwe kali kuliko zote huzirundika koili zote kwenye masafa mamoja. Anapata nguvu nyingi na picha isiyo na undani, halafu anashangaa rangi zimekwenda wapi.

Nitajuaje seti yangu ni ya masafa gani?

Tazama imetoka wapi. Tanzania Bara haikuwa na stesheni ya televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa imeanza kurusha kwa rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo seti kongwe za mwambao zilinunuliwa kwa kuvizia matangazo ya ng'ambo ya bahari, au zilikuja na jamaa waliorudi kutoka Maskati, Dubai na Uingereza. Ndiyo sababu meza moja ya fundi wa Tanga inaweza kuwa na seti za mifumo mitatu.

Seti za Ulaya bara na zilizotengenezwa kwa soko la Ghuba kwa kawaida ni 38.9 MHz kwa picha na 33.4 kwa sauti, pengo la 5.5. Seti za Uingereza za mistari 625 ni 39.5 na 33.5, pengo la 6. Za Marekani ni 45.75 na 41.25, pengo la 4.5, na hizo zina mistari 525 na zinataka umeme wa volti 110 hadi 120. Za Japani zilizotengenezwa kwa soko la kwao wenyewe hutumia 58.75 na 54.25. Ukiletewa seti ya Uingereza ya mistari 405, iache kama ilivyo: hata ukiityuni kwa ustadi, haitaonyesha picha ya mistari 625.

Kitabu cha huduma cha seti yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Tafuta namba ya chasisi nyuma ya kifuniko, si jina lililoandikwa mbele.

Analojia imezimwa. Mnatyuni kwa ishara ipi?

Mitambo ya analojia ya Tanga ilizimwa mapema mwaka 2013, baada ya Dar es Salaam kutangulia tarehe 31 Desemba 2012. Lakini kutyuni hakukuwahi kuhitaji stesheni, kunahitaji jenereta. Stesheni ilikuwa ya kuthibitishia kazi tu, na sasa nafasi yake inashikwa na modyuleta, kifaa kinachogeuza picha na sauti kuwa ishara ya chaneli: deki ya kanda, au baadhi ya ving'amuzi vyenye tundu la kutolea antena.

Mambo mawili ya kuangalia. Modyuleta nyingi hutoa UHF peke yake, na seti yenye VHF tu haitaiona kamwe. Pili, chagua pengo la sauti kwenye menyu: ukiacha 6 wakati seti ni ya 5.5, utapata picha nzuri na mvumo mtupu kwenye spika, kisha utaanza kulaumu koili isiyo na kosa. Unganisha kwa waya moja kwa moja, usiiunganishe modyuleta na antena ya juu ya paa. Kurusha bila leseni ni kosa, na jirani yako wa Makorora hakuomba kuangalia kanda yako ya harusi.

Mkunjo sahihi unafananaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo. Tuchukue seti ya 38.9.

Picha haikai kileleni. Inakaa katikati ya mteremko, kwenye asilimia 50 ya urefu wa mkunjo. Sababu ni kwamba kituo hurusha ubavu mmoja wa picha mzima, na wa pili kipande kidogo tu. Masafa ya chini ya video yako kwenye mbavu zote mbili, ya juu yako kwenye mmoja. Bila mteremko huo, masafa ya chini yangetoka mara mbili ya yale ya juu. Ukiiweka 38.9 juu sana, picha inakuwa nzito, imepakazwa, kingo zake hazieleweki. Ukiiweka chini sana, picha inakuwa nyembamba, sehemu kubwa za weusi na weupe hazina nguvu, na uthabiti wake unaanza kuyumba kwa sababu mapigo ya kusawazisha nayo yamedhoofika.

Katikati, juu ya mkunjo pawe bapa au na bonde dogo tu. Kwa seti ya rangi, angalia 34.47 MHz, mahali rangi inapokaa. Viwanda vingine huiweka juu kwenye bapa, vingine kwenye mteremko wa pili na kufidia mbele ya safari. Fuata mchoro wa seti yako.

Sauti, 33.4, inatakiwa iwe chini kabisa, karibu asilimia 5 ya kilele. Imeshushwa makusudi na mtego wake, yaani koili iliyowekwa kumeza masafa hayo. Ikipanda, utaona mistari ya kulala ikicheza kwenye picha kila mtu anapoongea. Halafu kuna mitego ya majirani: 40.4 kwa sauti ya chaneli ya chini, 31.9 kwa picha ya chaneli ya juu, kwa chaneli za VHF zenye upana wa 7 MHz. Kuna wanaosema mitego hii haina maana leo kwa kuwa hewani hakuna jirani. Usiiache ovyo hata hivyo, kwa sababu ndiyo inayochonga miteremko ya mkunjo; mtego uliohama hula kipande cha picha yenyewe.

Nahitaji vifaa gani?

Jenereta ya swipu inayofagia kama 10 MHz kuzunguka 36, marka inayoaminika (ishara ya masafa yanayojulikana, ya kukuonyesha uko wapi kwenye mkunjo), osiloskopu ya kawaida (hata ile kongwe ya 10 MHz inatosha, maana unatazama kilichokwisha toka kwenye dayodi ya video, ile inayotenga picha na wimbi la aiefu), multimita, betri ya volti 9 yenye rezista ya kuzungusha kwa ajili ya kufunga AGC, transfoma ya kutenga umeme, na bisibisi za plastiki zinazoenea viini vyako barabara.

Hilo la mwisho si dogo. Bisibisi ya chuma hubadilisha masafa ya koili ikiwa ndani. Ukiitoa, koili inahama. Na hupasua viini. Kijiti cha mianzi kilichochongwa vizuri ni bora kuliko bisibisi ya chuma ya bei mbaya.

Kwa marka, bodi ndogo ya kuzalisha masafa ya Si5351, inayoendeshwa na kompyuta ndogo ya Arduino, hutoa 38.9 au 33.4 kwa usahihi ambao mafundi wa zamani wangeulilia. Mawimbi yake ni ya mraba na yana masafa ya ziada, lakini ya karibu zaidi yenye nguvu yako mara tatu juu, mbali na mkunjo wetu.

Kwa nini mnasisitiza transfoma ya kutenga?

Kwa sababu seti nyingi za zamani za Ulaya hazina transfoma ya umeme. Chasisi imeunganishwa moja kwa moja na upande mmoja wa volti 230, na upande upi unategemea plagi na soketi vilivyofungwa. Ukiunganisha ardhi ya osiloskopu kwenye chasisi iliyo hai, kitu kitaungua, na pengine kitu hicho ni wewe. Gusa chasisi kwa testa kila mara kabla ya mkono. Kioo nacho hubaki na chaji baada ya kuzima: zaidi ya volti elfu kumi kwa seti ya rangi nyeusi na nyeupe, na kufikia elfu ishirini na tano kwa ya rangi. Ukiwa peke yako karakana, usifungue seti hai.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Washa seti na jenereta, ziache zipate joto nusu saa. Valvu baridi na valvu moto hazina mkunjo mmoja.

Weka tyuna kwenye chaneli tupu. Funga AGC kwa betri. Seti nyingi za valvu hutaka volti chache za hasi, na kitabu kinasema ngapi. Bila hili, AGC itakuwa inabadilisha ukuzaji kila unapogusa kiini, na utakuwa unafukuza kivuli. Ingiza ishara kwenye pointi ya majaribio ya mchanganyiko wa tyuna kupitia kapasita ya 1 nF. Kama hakuna pointi, kwenye seti za valvu unaweza kuinua kofia ya chuma ya valvu ya mchanganyiko isiguse chasisi, na kuunganisha jenereta kwenye kofia hiyo. Osiloskopu iwe kwenye tokeo la dayodi ya video, ikitanguliwa na rezista ya kilo-omu 10.

Kabla ya kuzungusha chochote, piga picha kwa simu: mkunjo ulivyo, na kila kiini kilivyo.

Mitego kwanza. Zima swipu, toa wimbi moja la 33.4, soma volti ya dayodi, zungusha mtego wa sauti hadi volti iwe chini kabisa. Fanya hivyo kwa 40.4 na 31.9. Kisha koili za kilele, kila moja kwenye masafa yake kwa mujibu wa kitabu, kwa kawaida ukianzia karibu na dayodi na kurudi nyuma kuelekea tyuna. Ndipo uwashe swipu na kutazama mkunjo mzima, urekebishe kidogokidogo, kisha urudi kwenye mitego, kwa maana koili na mitego huvutana.

Ishara iwe ndogo. Wengi huharibu kazi hapa: wanaongeza jenereta mpaka hatua ya mwisho inashiba, juu ya mkunjo panakuwa bapa, wanafurahi. Bapa hilo ni la uongo. Punguza jenereta nusu. Mkunjo ukibadilika umbo, ulikuwa umezidisha. Marka nayo iwe hafifu kiasi cha kuonekana tu. Na ukiona mkunjo umepinduka, hakuna tatizo, ni mwelekeo wa dayodi.

Siwezi kutyuni kwa macho tu, nikiangalia picha?

Kwa koili moja iliyoguswa, tena ukijua ni ipi na ilizungushwa kiasi gani, unaweza kujaribu. Kwa seti iliyochezewa yote, hapana. Jicho linapenda picha kali yenye utofauti mkubwa, na hiyo ndiyo inayopatikana koili zikirundikana.

NanoVNA inafaa?

Kipimo hiki kidogo cha mkononi kinafaa, na kwa fundi wa leo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Inafagia na kuonyesha mkunjo kwa pamoja, marka zikiwemo. Lakini inasikiliza masafa yaleyale inayotoa, kwa hiyo haiwezi kusoma baada ya dayodi. Lazima uchukue ishara kabla ya dayodi kupitia kapasita ndogo mno, ili usiielemee koili ya mwisho. Weka kipunguza nguvu kwenye tokeo lake, la sivyo utashibisha aiefu. Na kila waya wake upitie kapasita inayostahimili volti za seti: kifaa hicho hakina kinga ya kuzungumzia, na anodi ya valvu itakimaliza kabla hujakiona kikizima.

Koili yangu ina vilele viwili. Kipi ni sahihi?

Kiini kinapopita katikati ya koili hutoa kilele mara mbili, kikiingia na kikitoka kwa upande wa pili. Kwa kawaida sahihi ni kile cha nje, kiini kikiwa mbali na koili mwenzake ndani ya kopo hilohilo. Ukichagua cha ndani, koili mbili zinashikana kupita kiasi na mkunjo unapata nundu mbili ambazo hakuna kuzungusha kutakakoziondoa.

Mkunjo wangu una ncha kali, na kingo za picha zina mirudio. Nimetyuni sawa.

Kwanza hakikisha si taswira pacha za antena. Tumia modyuleta kwa waya: pacha za kuakisiwa zitatoweka, za aiefu zitabaki, tena zitabadilika ukigusa kitufe cha tyuna ndogo.

Zikibaki, kuna hatua inayokaribia kujipigia yenyewe. Tafuta kapasita ya kupitisha masafa kwenye skrini gridi au kathodi iliyokatika ndani. Hizo ni kauri za kama 1 nF, na unaweza kuambatisha nzima juu yake kwa muda ili kujua. Pima pia rezista zilizolala sambamba na koili. Kazi yake ni kupanua mkunjo, na za kaboni hupanda thamani kwa umri: ya kilo-omu 4.7 ikisoma 9, koili itakuwa na ncha hata uizungushe vipi.

Hali ya hewa ya Tanga inaathiri?

Sana, kuliko umri. Unyevu wenye chumvi huingia ndani ya kopo la koili na kula waya mwembamba pale unapokutana na mguu. Utaona ukijani. Kapasita za mika zilizopakwa fedha nazo huharibika, zikaanza kuvuja kwa vipindi: picha inaruka, inatulia, inaruka. Seti iliyokaa Sahare karibu na maji na ile iliyokaa Muheza si wagonjwa wa aina moja. Safisha kwa spiriti isiyo na maji, kausha, chomelea upya miguu, ndipo upime. Usipulizie mafuta ya kulainishia kutu ndani ya kopo la aiefu. Tunaletewa seti za namna hiyo, na mafuta yakishanywea kwenye koili hayatoki.

Sauti inakoroma. Ni mtego wa sauti?

Inaweza kuwa, lakini anza na koili ya 5.5 MHz ya saketi ya sauti, ndiyo rahisi. Mkoromo ukizidi maandishi meupe yanapotokea kwenye skrini, shuku modyuleta yako: za bei rahisi huzidisha nguvu ya picha, na seti haina kosa.

Seti yangu ya miaka ya 1980 ina koili moja au mbili tu za aiefu. Nyingine ziko wapi?

Hazipo. Kazi yote ya kuchonga mkunjo inafanywa na kichujio cha SAW, kile kikopo kidogo cha chuma au plastiki kinachofuata tyuna, na hakirekebishwi. Koili iliyobaki pembeni ya aisii, kwa mfano TDA2541, ni ya kugundua picha, na inapangwa kwenye 38.9. Ya pili ni ya kujirekebisha kwa tyuna. Usiiguse ya kwanza kama picha ipo.

Kiini kimekwama, au kimevunjika ndani.

Usikilazimishe. Kikausha nywele cha saluni kikipuliza joto la wastani kwa dakika chache hulainisha nta, kisha jaribu kwa bisibisi inayojaza tundu lote, mbele kidogo na nyuma kidogo. Kilichovunjika juu kinaweza kusukumwa kutokea chini kama kopo limetobolewa pande zote mbili. Ikishindikana, ng'oa koili nzima, toa vipande, tia kiini cha koili iliyokufa cha aina hiyohiyo. Rangi ya kiini huonyesha aina ya feraiti, kwa hiyo usichanganye. Ukimaliza kutyuni, tone moja la nta linatosha kukishika. Gundi kali hapana, kwa sababu fundi atakayekuja baada yako atahitaji kukizungusha.